Pumzi Haina Ghala

Mwezi huu naomba tuanze somo letu kando ya bwawa la samaki badala ya wodini. Msishangae. Tukifika mwisho mtaona kwamba bwawa lile, ziwa kubwa, bahari za zamani sana na kifua cha mtoto mchanga vyote vinafuata kanuni moja.

Miaka michache iliyopita, mzee mmoja wa kijiji jirani na hospitali yetu alimtuma mjukuu wake kwangu asubuhi na mapema. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku. "Mama nesi, babu anasema uje. Samaki wametiliwa sumu." Nikaenda. Maji ya bwawa yalikuwa ya kijani kibichi mno. Perege wakubwa walikuwa wanaelea, matumbo juu. Wadogo walijazana juu ya maji, vinywa wazi, wakihema.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Njoo uone kazi ya jirani yangu."

Alikuwa ameshika fimbo, na macho yake yalikuwa upande wa nyumba ya jirani. Wawili hao walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Niliona wazi kwamba siku ile huenda ningepata majeruhi wa kushona kabla ya saa nne.

Lakini mimi nilikulia katika nyumba yenye bwawa, na bwana samaki alitufundisha mengi. Tena vile vinywa vilivyo wazi nilikuwa nimeviona kwa zaidi ya miaka thelathini katika wodi ya watoto. Nikamwuliza mzee maswali machache. Kambale nao wamekufa? Hapana, kambale walikuwa wazima. Vyura je? Walilia usiku kucha. Jana jioni samaki walikula? Walikula vizuri. Na bwawani umetia nini? Samadi, toroli baada ya toroli, wiki nzima, na siku tatu mfululizo kulikuwa na mawingu mazito bila jua.

"Mzee," nikamwambia, "kama ingekuwa sumu, isingewachagua perege na kuwaacha kambale na vyura. Samaki wako wamekosa pumzi."

Mwili unaweka akiba ya nini?

Hebu tujifunze kanuni yenyewe. Mtu akikosa chakula anaweza kuishi kwa wiki kadhaa, kwa sababu mwili umeweka akiba ya mafuta. Akikosa maji anaweza kuishi siku chache. Akikosa hewa, tunahesabu dakika. Mwili hauna ghala la pumzi.

Katika hewa tunayovuta, sehemu 21 hivi katika kila 100 ni oksijeni. Mapafu huipokea, chembechembe nyekundu za damu huibeba, na moyo huisukuma hadi kila pembe ya mwili. Kazi yake ni kuuwezesha mwili kuunguza chakula taratibu ili upate nguvu. Chakula bila oksijeni ni kama kuni ndani ya chungu kilichofunikwa. Kuni zipo, lakini moto hauwaki.

Ubongo ndio mlaji mkubwa. Uzito wake ni sehemu 2 hivi katika 100 za mwili wa mtu mzima, lakini unatumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote. Ndiyo maana ubongo huumia kwanza. Oksijeni ikikatika kabisa, baada ya dakika 4 au 5 hivi chembe za ubongo huanza kufa. Kidonda cha ngozi hufunga, lakini ubongo uliokufa hauoti tena.

Mgonjwa anayepungukiwa oksijeni kwanza huhangaika. Hupumua haraka, moyo humwenda mbio, hakai wala halali. Baadaye huanza kuchanganyikiwa, na midomo na kucha hugeuka rangi ya bluu. Mwisho hutulia. Hapo ndipo ndugu wengi hukosea. Husema, "Afadhali, sasa amepumzika." Mtoto aliyekuwa anapigania hewa kisha akanyamaza ghafla bila matibabu hajapona. Amechoka.

Viumbe havilingani

Sasa turudi majini. Lita moja ya hewa ina miligramu 280 hivi za oksijeni. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25 inaweza kubeba miligramu 8 hivi tu. Samaki basi ni kama mtu anayeishi kwa mshahara mdogo sana. Upungufu kidogo tu humwangusha. Tena maji yakipata joto, hubeba kidogo zaidi. Maji yanayokaribia kuganda hubeba miligramu 14 hivi kwa lita, na yale ya nyuzi 30 hubeba 7 na nusu.

Mchana, vimea vidogo sana vinavyofanya maji yawe ya kijani hutumia mwanga wa jua na kutoa oksijeni. Usiku havitoi, bali navyo huivuta. Samadi nayo inaoza, na vijidudu vinavyoiozesha huvuta oksijeni pia. Jua likikosekana siku tatu, akiba inakwisha. Saa mbaya kuliko zote ni alfajiri, kabla jua halijachomoza. Mara nyingi samaki wakubwa hutangulia kufa kwa kuwa mahitaji yao ni makubwa. Kambale hubaki hai kwa sababu, pamoja na mashavu ya kuvutia oksijeni ya majini, ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu. Kamongo naye ana mapafu. Chura hutoa pua nje.

Wapo na viumbe visivyotaka oksijeni kabisa. Mmojawapo mnamjua, ni kijidudu cha pepopunda. Huyo hustawi mahali ambapo hewa haifiki, kama ndani ya kidonda chembamba na kirefu cha msumari. Ndiyo sababu tunawasihi msipake kinyesi cha ng'ombe wala udongo kwenye kitovu cha mtoto, na msikose chanjo. Wakumbukeni viumbe wa jamii hii, maana tutakutana nao tena baharini.

Bwawa likiwa ziwa

Yaliyompata yule mzee yanaweza kulipata ziwa zima. Ziwa Victoria limezungukwa na mamilioni ya watu. Mvua hubeba udongo na mbolea kutoka mashambani, na miji humwaga maji machafu. Vyote hivyo ni samadi kwa ziwa. Vimea vya kijani vimeongezeka sana tangu miaka ya 1960, vikifa huzama na kuoza, na maji ya chini hukosa oksijeni kwa sehemu ya mwaka. Upepo mkali ukiyapandisha maji hayo juu, samaki hunaswa. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, sangara wengi walikutwa wamekufa kandokando ya ziwa hilo, hasa upande wa Uganda, na serikali ya huko ilitaja upungufu wa oksijeni kuwa sababu. Sangara ni samaki anayehitaji oksijeni nyingi.

Ziwa Tanganyika lina jambo jingine la kushangaza. Kina chake kinafika mita 1,470 hivi, lakini maji yenye oksijeni ni yale ya juu tu, kiasi cha mita 100 hadi 200 au kuzidi kidogo. Chini ya hapo hakuna samaki. Maji ya juu yenye joto ni mepesi, hukaa juu ya yale mazito ya chini kama mafuta juu ya mchuzi, na hayachanganyiki vizuri. Dagaa na migebuka tunaowala wanaishi kwenye kifuniko tu cha chungu kirefu sana.

Ziwa likiwa bahari

Hapo kale dunia yenyewe haikuwa na hewa ya kutufaa. Wataalamu wa miamba wanakadiria kwamba dunia ina umri wa miaka bilioni 4 na nusu, na kwamba oksijeni ilianza kujikusanya hewani miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita. Waliotangulia kuitoa ni vijidudu vya kijani vya majini, ndugu wa hao wanaopaka maji ya bwawa rangi. Kabla ya hapo waliotawala ni wale wasiotaka oksijeni.

Baadaye sana, wakati bahari imekwisha jaa viumbe, oksijeni ilipungua tena. Pigo kubwa kuliko yote linalojulikana lilitokea miaka milioni 252 hivi iliyopita. Katika nchi ambayo leo ni Siberia, Urusi, ardhi ilipasuka na kutapika miamba ya moto kwa muda mrefu sana. Gesi zilizotoka zilipasha dunia joto. Kwa hesabu za wataalamu, maji ya juu ya bahari za ukanda wa joto yaliongezeka joto kwa nyuzi 10 hivi.

Sasa kumbukeni hesabu yetu ya bwawa. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Maji mepesi ya juu hayashuki kuipeleka chini. Na mvua zilizosomba udongo wa nchi kavu zilirutubisha bahari, vimea vikazidi, vikafa, vikaoza. Kisha kuna jambo la nne, ambalo mwuguzi yeyote analielewa. Kiumbe akipata joto, mwili wake huunguza chakula haraka zaidi na kudai oksijeni zaidi. Ni kama mtoto mwenye homa kali na kichomi kwa pamoja. Homa inaongeza mahitaji, wakati mapafu yaliyojaa yanapunguza mapato. Bahari ile ilipatwa na homa na kichomi kwa wakati mmoja.

Mahali pengi maji yalibaki bila oksijeni, na jamaa za kile kijidudu chetu cha pepopunda, wasiopenda hewa, wakapata nafasi yao. Baadhi ya vijidudu vya namna hiyo hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo ni sumu. Zaidi ya aina 8 katika kila aina 10 za viumbe vya baharini zilitoweka moja kwa moja. Ukosefu wa oksijeni haukuwa sababu pekee, maana joto lenyewe na maji kuwa na asidi vilichangia, lakini ulikuwa miongoni mwa wauaji wakuu. Bahari ilihitaji mamilioni ya miaka kupata tena wingi wa viumbe.

Mtauliza, haya yamejulikanaje na hapakuwa na mtu wa kuandika? Tope la chini ya bahari ndilo liliandika. Mahali penye oksijeni, minyoo na konokono hufukua tope na kulivuruga kama shamba lililolimwa. Pasipo na oksijeni hakuna wa kufukua, na tope hulala tabaka juu ya tabaka, jembamba kama kurasa za kitabu. Mabaki ya vimea hayaozi yote, kwa hiyo tope huwa jeusi. Ndani yake hutokea punje ndogo sana za madini ya chuma na salfa. Tope hilo likigeuka jiwe, hubaki na ushahidi wake. Miamba ya Meishan nchini China ni mojawapo ya mahali palipochunguzwa sana kwa habari ya pigo hilo. Karibu na mji wa Gubbio, Italia, kuna tabaka jeusi la unene wa mita moja hivi, kumbukumbu ya upungufu mwingine wa oksijeni wa miaka milioni 94 hivi iliyopita.

Na leo? Vipimo vilivyokusanywa tangu mwaka 1960 vinaonyesha kwamba bahari za dunia zimepoteza zaidi ya sehemu 2 katika kila 100 za oksijeni yake. Si kama pigo la kale, lakini mwuguzi hangoji midomo igeuke bluu ndipo achukue hatua. Sababu tunazijua. Dunia inazidi kupata joto, na uchafu na mbolea vinazidi kumwagwa majini.

Na nyumbani kwetu?

Kanuni iliyoua bahari inapita pia mlangoni mwetu. Naomba tuangalie mahali panne.

*Mtoto anayezaliwa.* Katika watoto 100, karibu 85 huanza kupumua wenyewe. Wengine 10 hivi huhitaji kukaushwa na kusuguliwa mgongo. Wachache waliobaki huhitaji kusaidiwa kwa mfuko wa kupulizia hewa, na msaada huo uanze ndani ya dakika ya kwanza. Utafiti uliofanyika katika hospitali 8 za Tanzania na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wakunga walipofundishwa kazi hiyo, vifo vya watoto katika siku ya kwanza ya maisha vilipungua kwa karibu nusu. Kumning'iniza mtoto miguu juu, kumpiga makofi au kumwagia maji baridi kunapoteza dakika ile ya thamani. Mama ajifungulie kwenye kituo cha afya, ambako mfuko upo.

*Mtoto mwenye kichomi.* Hesabuni pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au ananuna kwa kila pumzi, au hawezi kunyonya, msingoje asubuhi. Hospitalini tutambana kidoleni kipimo kidogo kinachoonyesha oksijeni ya damu. Kikisoma chini ya 90, anahitaji oksijeni. Wengi bado wanasema, "Akiwekewa oksijeni ndiyo basi tena." La hasha! Anayekufa mara nyingi ni yule aliyecheleweshwa. Oksijeni ni dawa kama dawa nyingine.

*Jiko la mkaa chumbani.* Wenzangu wa nyanda za baridi, hapa nawasihi kwa machozi. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, na kukalia kiti chake. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala asiamke. Hata kile kipimo cha kidoleni hudanganyika, kikaonyesha namba nzuri. Nimewahi kupokea mama na watoto wake wawili walioletwa kutoka chumba kilichofungwa na jiko ndani. Mama na mtoto mmoja walipona. Jiko libaki nje, hata kama mkaa unaonekana umebaki majivu. Mkimkuta mtu katika hali hiyo, fungueni mlango, mtoeni nje, mumlete hospitali.

*Kisima na shimo la choo.* Ndani ya shimo refu hewa nzito huweza kukaa chini na kuisukuma oksijeni nje. Ndugu zetu wa Goma, karibu na Ziwa Kivu, wana neno la hewa ya namna hiyo itokayo ardhini yenye volkano na kukaa mabondeni. Wanaiita mazuku, na huua watu na mifugo. Mtu akishuka kisimani akaanguka, wa pili akimfuata ataanguka naye, na wa tatu vilevile. Usimfuate! Piga kelele, tafuta kamba, ita zimamoto, ambao hapa Tanzania namba yao ni 114. Na msiamini mshumaa ulioshushwa kuwa ni kipimo cha usalama. Unaweza kuendelea kuwaka penye hewa ya sumu.

Tumalizie bwawani

Yule mzee alisimama kimya muda mrefu. Kisha akaweka fimbo chini. Tukaacha kutia samadi, tukaanza kuyapiga maji kwa matawi na ndoo ili hewa iingie. Mfereji wa maji safi ulikuwa umeziba huko juu, upande wa jirani. Mjukuu alikwenda kuomba ruhusa, na jirani akaja mwenyewe na jembe lake, akauzibua. Wale perege wadogo wengi wao walipona. Jioni bwana samaki alipita, akathibitisha.

Mara ngapi tumemtafuta mchawi wakati mgonjwa anatafuta hewa? Kila dakika inayotumika kutafuta wa kulaumiwa inatoka katika pumzi ya mgonjwa, naye hana ghala.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika jumuiya

1. Katika familia yetu, nani anajua kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima? Je, tunayo saa ya kutumia?

2. Wakati wa baridi tunalala na jiko ndani? Tutafanya nini badala yake?

3. Maji machafu na mbolea kutoka kwetu vinaishia mto gani, na mto huo unaishia wapi?